Soseji ya Wali ya Louisiana na Jinsi ya Kuitengeneza Nyumbani

Nyama ya nguruwe mzima ni nyingi mno kwa jamaa moja kuimaliza kwa siku moja, na zamani, kabla ya friji kuenea, nyama isiyotiwa chumvi wala kukaushwa kwa moshi iliharibika upesi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi watu wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, walivyoishinda shida hiyo, na jinsi ya kutengeneza chakula kilichotokana nayo. Chakula hicho ni soseji ya nyama na wali iitwayo boudin, jina linalotamkwa “budan”.

Watu hao huitwa Cajun. Wazee wao walikuwa Wafaransa waliokaa Acadia, nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa ni Nova Scotia katika Kanada. Waingereza walianza kuwafukuza huko mwaka wa 1755, na tangu miaka ya 1760 wengi wao walifika Louisiana. Wakawa na desturi ya kuchinja kwa zamu wakati wa baridi: leo nguruwe wa mtu huyu, baadaye nguruwe wa jirani yake. Majirani walikuja kusaidia, na kila mmoja alirudi kwake na fungu lake. Ini na vipande vidogo vilivyobaki havikutupwa, bali vilipikwa, vikachanganywa na wali, vikajazwa katika utumbo uliosafishwa. Kwa njia hiyo nyama kidogo ilitosha watu wengi. Haba na haba hujaza kibaba.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: nyama ya bega la nguruwe yenye mafuta kiasi, kilo 1, ini la nguruwe, robo kilo, mchele, vikombe 2, kitunguu kikubwa 1, pilipili hoho 1, vitunguu saumu, punje 4, majani mabichi ya vitunguu, fungu 1, chumvi, kijiko 1 kikubwa, pilipili manga na pilipili kali ya unga kwa kadiri upendavyo, na utumbo wa nguruwe uliosafishwa na kuhifadhiwa katika chumvi.

Kwanza, loweka utumbo katika maji, kisha upitishe maji safi ndani yake mpaka chumvi iishe. Pili, kata nyama vipande, uitie sufuriani pamoja na kitunguu, pilipili hoho, vitunguu saumu na chumvi. Mimina maji yaifunike, uichemshe kwa moto mdogo muda wa saa moja na nusu au zaidi, hata iwe laini kabisa. Ini hutiwa katika dakika 20 za mwisho. Wakati huo huo pika wali mahali pengine.

Tatu, opoa nyama na ini, lakini usimwage supu, maana ndiyo siri ya chakula hiki. Saga nyama kwa mashine au uikatekate kwa kisu, uichanganye na wali, majani ya vitunguu na pilipili. Ongeza supu kidogo kidogo mpaka mchanganyiko uwe na majimaji, kwa kuwa wali utaendelea kuyanyonya. Onja sasa, kwa maana kila kitu kimekwisha iva.

Nne, jaza mchanganyiko katika utumbo. Kazi hii yataka watu wawili, mmoja asukume na mwingine ashike utumbo. Usiukaze sana, usije ukapasuka. Mwisho, ziweke soseji katika maji ya moto yasiyotokota, muda wa dakika 10 hadi 15, hata ndani yake kipimajoto kionyeshe digrii 74 za Selsiasi.

Jambo moja halina budi kukumbukwa. Adui wa wazee wale alikuwa joto, na adui huyo yupo hata leo. Wali na nyama vikiachwa mezani, vijidudu huzaana upesi, na wengine huacha sumu isiyoondoka hata chakula kikipashwa moto tena. Kwa hiyo kula soseji zingali moto, au uziweke katika friji kabla ya saa mbili kupita. Humo zitakaa siku 3 au 4. Ukitaka kuziweka zaidi, zigandishe.

Wenyeji huuma ncha ya soseji, wakaivuta kwa meno ili vilivyo ndani vitoke, na ngozi wakaiacha. Siku hizi huuzwa madukani na hata katika vituo vya petroli, na mwaka wa 2012 mji mdogo wa Scott ulipewa na jimbo hilo sifa ya kuwa mji mkuu wa boudin duniani. Lakini atengenezaye nyumbani hupata faida ya zamani: sufuria moja hutosha nyumba yake, na fungu la jirani halikosi.