Udhaifu Fiche wa Misuli ya Mguu Baada ya Kupona Kiharusi: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mazingira ya Bukoba na Muleba

Makala haya yanafafanua udhaifu wa misuli ya mguu unaosalia kwa mtu aliyekwisha kuhesabiwa kuwa amepona kiharusi. Suala hili lina uzito nchini Tanzania: utafiti ulioanza mwaka 2003 ulikadiria, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya 108.6 wilayani Hai na 315.9 jijini Dar es Salaam katika kila watu 100,000 kwa mwaka.

Udhaifu huu ni fiche kwa sababu kipimo kilichozoeleka huweza kuupita. Katika kipimo cha mkono chenye ngazi 0 hadi 5, mtaalamu huzuia mguu wa mgonjwa kwa muda mfupi. Misuli ya paja kwa kawaida huushinda mkono huo. Hivyo yaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu na bado ikapewa alama 5. Aidha, jaribio moja halipimi ustahimilivu.

Vyanzo vikuu ni viwili. Kwanza, ubongo uliojeruhiwa hupeleka amri pungufu kwenye misuli. Na kwa kuwa baadhi ya nyuzi za neva hazivuki kwenda upande wa pili, hata mguu uitwao mzima huweza kuathirika. Pili, kutotembea hukondesha misuli.

Mazingira ya Bukoba na Muleba huudhihirisha udhaifu huo. Sakafu ya wodi ni tambarare, ilhali njia za vilimani, kati ya vibanja vya migomba na mibuni, hupanda na kushuka, na mvua huzifanya ziteleze. Katika kushuka, misuli ya mbele ya paja hubeba uzito huku ikirefuka. Ikishindwa, goti hukunjika ghafla. Misuli ya muundi isipoinua wayo ipasavyo, mguu hujikwaa. Anguko hilo ni la hatari, kwani mifupa ya upande ulioathirika hupungua uimara, na nyonga huvunjika kwa urahisi.

Hivyo basi, kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, inafaa apimwe kwa kuinuka kitini mara 5 mfululizo bila kutumia mikono, kwa kutembea dakika 6, na kwa kushuka ngazi. Vipimo hivi havihitaji mashine. Mazoezi ya kuimarisha misuli, yakiongezwa uzito hatua kwa hatua, huweza kurejesha nguvu hata miezi mingi baada ya kiharusi. Kutembea wodini, kwa hiyo, si ushahidi tosha wa kupona.