Fahamu: Mgongo ukilia "ko!" ndiyo umepona?

Mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, Marekani, Daniel David Palmer alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi mwenye tatizo la kusikia, kisha akadai kwamba masikio yake yamezibuka. Hapo ndipo ilipoanza kairopraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono.

Je, mlio ule wa "ko!" mgongo unaponyooshwa ni mfupa unaorudi mahali pake?

Hapana. Ni gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo, shinikizo linaposhuka ghafla.

Tiba hii inasaidia nini hasa?

Maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa nayo mwaka 2020. Mwongozo wake wa 2023 unaitaja tiba ya kunyoosha mgongo miongoni mwa njia zinazoweza kutumika maumivu yanapokuwa sugu, sambamba na mazoezi. Madai kwamba inatibu pumu hayana ushahidi wa kutosha.

Ina hatari?

Kuhisi maumivu kwa siku moja au mbili ni kawaida. Kuzungushwa shingo kwa nguvu, ingawa ni kwa nadra, kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu na kiharusi.

Nani aende hospitali kwanza?

Aliyeshindwa kuzuia mkojo, mwenye ganzi sehemu za siri, mwenye homa, aliyewahi kuugua saratani, au aliyeanguka vibaya. Mwenye mifupa iliyodhoofika naye amweleze daktari kabla mgongo wake haujaguswa.