Je, Wajua? Maharage Yanayotambaa Yana Upande Wao

Mharage unaotambaa hauna vikono vya kushikia kama pasheni au njegere. Unajisokota kwa shina lake lenyewe, na ukiutazama kutoka juu huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Uviringishe upande wa pili uone: utajifungua na kurudi kwenye njia yake. Charles Darwin aliyachunguza maharage haya, akakuta ncha inayotafuta mti humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa 2 hivi.

Ndiyo maana kijiti chembamba chenye magamba ya kukwaruza huyafaa kuliko bomba nene linaloteleza. Simika miti yenye urefu wa mita 2 au zaidi kabla ya kupanda mbegu, usije ukachoma mizizi baadaye. Miti ikiwa adimu, funga mitatu vichwani isimame kama mafiga yaliyoinamiana. Upepo hauiangushi kirahisi. Rwanda, ambako maharage haya hulimwa sana milimani, wakulima hutumia hata mabua ya mabingobingo. Ila mti mbichi wa mforosadi uuangalie: waweza kuchipua na kugombea maji na maharage yako.