Uchumba wa Bandia, Neno la Kweli

Miongoni mwa walimu wa lugha na fasihi, riwaya ya mapenzi haina heshima. Mwanafunzi akipatikana ameificha chini ya dawati, hunyang'anywa na kuonywa. Sababu hutolewa papo hapo: msuko ni ule ule, wahusika ni wale wale, na mwisho unajulikana kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. Madai hayo yana ukweli. Lakini ngano za mababu zetu nazo zina mwisho unaojulikana, na hatujasikia mtu akidai kwamba kwa ajili hiyo hazina funzo. Swali la haki ni hili: kanuni hiyo inayorudiwa inafanya kazi gani?

Hebu tuzingatie aina moja ya riwaya hizo, ile ya mapenzi ya kauboi, ambayo miaka ya karibuni imepata wasomaji wengi Marekani na Kanada. Kanuni mojawapo inayopendwa humo ni ya uchumba wa bandia. Mwanamume na mwanamke wanapatana kujifanya wachumba kwa muda, wawahadae jamaa na majirani, kila mmoja apate haja yake, kisha waachane. Bila shaka hawaachani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Katika riwaya hizi mzaha hutumbuka ndoa.

Mfano mzuri ni Hopeless, riwaya ya mwaka 2023 ya mwandishi wa Kanada, Elsie Silver. Ni kitabu cha tano katika mfululizo wa Chestnut Springs, mji wa kubuni katika jimbo la Alberta. Beau Eaton ni mwana wa familia ya ranchi inayoheshimiwa, mwanajeshi aliyerudi nyumbani akiwa na majeraha ya mwili na ya moyo. Bailey Jansen ni msichana mhudumu wa baa, mzaliwa wa ukoo ambao mji mzima unauogopa na kuudharau. Beau anapendekeza wajitangaze kuwa wachumba: msichana apate kutazamwa kwa jicho jingine, na yeye apumzishwe na jamaa wanaomhofia mno. Niseme mapema kwamba hiki ni kitabu cha watu wazima, chenye maelezo ya faragha yasiyofaa kusomwa darasani. Namwandikia mwalimu aelewe, wala simshauri akigawe.

Kwa nini basi uchumba huu wa bandia ukapendeza zaidi ranchini? Jibu linatupeleka nyuma. Kauboi wa historia alikuwa kibarua wa mifugo mwenye ujira mdogo, na wengi wao walikuwa watu weusi au Wameksiko. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee, alichapisha tawasifu yake ya ukauboi mwaka 1907. Kauboi wa vitabuni ni kiumbe tofauti. Owen Wister alimpa sura inayodumu mwaka 1902 katika riwaya ya The Virginian, ambamo shujaa asiyetajwa jina anamchumbia mwalimu wa shule, Molly Wood, aliyetoka Vermont kwenda kufundisha Wyoming. Shujaa huyo hasemi mengi, lakini akisema, amesema. Mwaka 1976 Janet Dailey, Mmarekani wa kwanza kuchapishwa na kampuni ya Harlequin ya Kanada, aliingiza ranchi ya Texas katika riwaya za mapenzi za kampuni hiyo, na mkondo huo haujakauka.

Hapo ndipo penye siri. Mtu ambaye hadhi yake yote imo katika neno lake anatiwa katika uongo wa kila siku. Kwa laghai, uongo kama huo haungekuwa na gharama yoyote. Kwa mtu wa kauli moja, kila mara atamkapo "mchumba wangu" anajiwekea deni, na ahadi ni deni.

Jambo hili linatugusa sisi wanaisimu. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alieleza katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Asemaye "naahidi" haelezi ahadi; anaitoa. Hata hivyo Austin aliyaweka kando maneno ya mwigizaji jukwaani, akiyaona kuwa matupu. Riwaya ya uchumba wa bandia inamuuliza mwanafalsafa huyo swali gumu: itakuwaje mwigizaji akisema maneno hayo mbele ya watu wasiojua kwamba pana jukwaa? Wao huyapokea kama ahadi, humpongeza bibi arusi mtarajiwa, huuliza siku ya harusi. Neno lililotoka kwa mzaha limepata mashahidi wa kweli.

Kutokana na hayo huzaliwa kinaya chenye ngazi tatu. Watu wa mji wanaamini kwamba wawili hawa wanapendana. Wawili wenyewe wanaamini kwamba wanaigiza. Msomaji, akiwatazama wote, anafahamu kwamba wanaodanganywa hasa ni wale wanaodhani wanadanganya, na mji uliohadaiwa ndio uliosema kweli. Mwalimu anayehangaika kufafanua kinaya atapata mfano bora kuliko huu wapi?

Nisije nikadhaniwa nimelewa sifa. Hadithi hii ina doa ambalo mapenzi hayawezi kulifuta. Bailey ni yule yule kabla na baada ya uchumba. Bidii yake na tabia yake hazikubadilika. Kilichoongezwa ni jina la mwanamume. Kwa nini binti mwaminifu alazimike kuazima jina la ukoo wa wakubwa ndipo aonekane kuwa mtu? Riwaya inaliona swali hilo, lakini kwa kuwa kanuni inadai arusi, jina la kuazima linageuka kuwa lake, na mji haulipi fidia ya dhuluma yake.

Swali hilo halihitaji kauboi ili liwe letu. Katika shule zetu mtoto huingia darasani akiwa amekwisha kutangulizwa na jina: huyu ni wa ukoo wa walevi, yule kakake alifukuzwa. Neno la mwalimu mbele ya darasa, hata likisemwa kwa utani, nalo lina mashahidi, na mtoto huanza kuishi kulingana nalo.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, utakapoikuta riwaya ya kauboi chini ya dawati, ichukue ikiwa haifai umri wa mtoto, lakini usiishie hapo. Muulize mwenye nayo ni nani katika hadithi hiyo aliyekuwa akidanganywa, na ni neno lipi lililowafunga wale wawili. Akijibu vyema, mpe nyingine inayolingana na umri wake.