Mtoto Asiyeitika: Tusiharakishe Kumwita Mkaidi



Miaka kadhaa iliyopita aliletwa chuoni kwetu mtoto wa kiume wa miaka mitano. Tukimwita haitiki. Tukimsemesha, macho yake yako kwenye feni. Sura fupi alizisoma zote kwa kuzisikia tu, lakini akishikwa na kiu hakuweza kuomba maji. Humshika mwalimu mkono akamvuta hadi penye mtungi. Tukamhukumu kuwa ni mkaidi, na siku moja tukamsimamisha mbele ya wenzake. Akaziba masikio, akalia hadi mama yake alipokuja kumchukua. Majirani nao walikwisha kumwambia mama huyo kuwa mwanawe ana shetani. Alipopimwa baadaye, ikabainika ana usonji. Twamwomba Mola atusamehe, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Usonji si wazimu, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ubongo kukua kwa njia tofauti, nayo huathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuchanganyika na watu. Wala hauletwi na chanjo. Utafiti wa mwaka 1998 uliozusha dhana hiyo nchini Uingereza ulifutwa na jarida lililouchapisha, mwaka 2010.

Enyi kina mama, nyinyi ndio wa kwanza kuziona dalili. Mtoto wa mwaka mmoja huitika jina lake na hupunga mkono. Afikapo mwaka na nusu, huonyesha kwa kidole kitu kilichomvutia ili nawe ukitazame. Akitimiza miaka miwili, huunganisha maneno mawili, kama vile "mama njoo." Asipoyafanya haya, au akikwepa macho ya watu, akirudia rudia maneno aliyosikia, akipanga vitu mstari siku nzima au akitaharuki kwa kelele ndogo, mpelekeni akapimwe. Aliyekuwa akisema kisha akanyamaza asingojewe hata wiki moja. Na msighafilike na mabinti: mara nyingi usonji wao hujificha nyuma ya sifa ya upole na haya.

Uchunguzi wa awali hauna sindano wala maumivu. Kuna orodha ya maswali 20 itumikayo duniani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na mzazi hujibu ndiyo au la. Majibu hayo si hukumu. Huonyesha tu kama mtoto ahitaji kuangaliwa zaidi na daktari. Anzeni kliniki mlikompeleka kwa chanjo, mkiwa na kijitabu chake, na mwombe apimwe masikio pia, kwani asiyesikia naye haitiki. Akifikia umri wa kusoma, viko vituo vya serikali vinavyopima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza kwenye shule zinazowafaa.

Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, lakini mtoto aanzishiwapo mapema mafunzo ya kusema na ya kujitegemea hunufaika sana. Kumsomea dua ni jambo jema, na kumpeleka hospitali pia ni katika kufuata mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), aliyetuhimiza kutafuta tiba. Kibaya ni kumaliza miaka na fedha kwa waganga. Nanyi kina baba, msimlaumu mama wala msimwachie mzigo peke yake.

Tukumbuke kuwa Suratu Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Basi sisi walimu ni nani hata tumfukuze mwenye udhuru?

Mtoto yule alirudi chuoni. Tulimkalisha mbali na feni, tukampa kadi yenye picha ya kikombe. Akishikwa na kiu huinyanyua, nasi humpa maji.

Wabillahi tawfiq.