Chuo hufunguliwa wakati wa kusi

UKIFIKA Bodo mwezi wa Agosti, utakuta mitumbwi mingi imelazwa mchangani kando ya mikoko. Si kwamba wavuvi wa huko ni wavivu. Ni upepo wa kusi. Upepo huu huanza kuvuma mwezi wa Aprili na hautulii vizuri mpaka Septemba, na mwenye mtumbwi mdogo hathubutu kuvuka mwamba kuyaendea maji makuu. Huvua humu humu ndani, baina ya kijiji na Kisiwa cha Funzi, na akipata kitoweo cha watoto na kilo mbili tatu za kuuza, humshukuru Mungu.

Sasa angalia barua za vyuo. Ni katika miezi hiyo hiyo ya Agosti na Septemba ambapo vyuo vikuu vingi vya Kenya huwapokea wanafunzi wapya.

Mpenzi msomaji, tumezoea kuwaambia vijana wanaojiandaa kwenda chuoni wawe na bidii, waepukane na marafiki wabaya na wamche Mungu. Huo ni wosia mwema na hatuupingi. Lakini mtoto wa mvuvi, wa mgema au wa mkulima wa korosho mara nyingi hashindwi kwa upungufu wa akili. Hushindwa kwa kuwa kalenda ya chuo na kalenda ya mfuko wa nyumbani hazikutani. Chuo hutaka pesa wakati wa kusi, na bahari hutoa pesa wakati wa kaskazi. Korosho na maembe nayo huiva mwaka ukielekea kuisha. Tatizo hili halina dawa ya kuliondoa. Lina dawa ya kulipangia tu, na mpango huo huanza miezi mingi kabla ya siku ya kupanda matatu.

MTUMBWI ULIOTAKA KUUZWA

Msimu mmoja wa kusi nilikaribishwa chai katika nyumba moja hapo Bodo. Binti wa nyumba hiyo alikuwa ameitwa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Furaha ilikuwa kubwa, na wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi. Baba yake alikwisha kata shauri: atauza mtumbwi wake pamoja na nyavu, alipe karo ya mwaka wa kwanza.

"Mzee," nilimwambia baada ya kumwamkia na kukaa, "ukiuza mtumbwi Agosti, Novemba bahari ikitulia utavua na nini?"

Alinyamaza. Aliyejibu ni binti mwenyewe, akiwa ameshika daftari la shule lililobaki kurasa chache. "Baba, mwaka wa kwanza ni mmoja tu. Masomo ni ya miaka minne. Mtumbwi ukienda mwaka huu, mwaka wa pili nitarudi kukaa hapa jikoni na mama."

Jioni ile tulikaa mkekani, baba, mama, mjomba na binti, tukaandika katika daftari lile kila shilingi iliyotakiwa, na mwezi gani ingetakiwa. Ilionekana kwamba si pesa zote zilizotakiwa siku moja. Mtumbwi haukuuzwa. Waliuzwa mbuzi wawili, mkopo wa serikali ukaombwa, na fungu lililobaki likawekewa ahadi ya miezi ya kaskazi.

Ningependa kila familia yenye mtoto wa kwenda chuo ikae mkeka kama ule. Mzazi aseme kweli ana nini na hana nini. Mtoto naye aonyeshwe hesabu, asifichwe kwa kuonewa huruma. Chombo kinachoilisha nyumba, kiwe mtumbwi, cherehani au ng'ombe wa maziwa, kiwe cha mwisho kabisa kufikiriwa kuuzwa.

MAKARATASI YASINGOJE

Mtihani wa KCSE humalizika mwezi wa Novemba. Kuanzia hapo hadi siku ya kuripoti chuoni kuna miezi tisa hivi. Wengi huipoteza kwa kulala na kuzurura, kisha wiki ya mwisho wakaanza kukimbizana na ofisi.

La kwanza ni kitambulisho. Aliyetimiza miaka 18 asingoje. Mombasa au Nairobi huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini kwa watu wa Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania, si dogo hata kidogo. Wamakonde wa kaunti hii waliishi kwa miongo mingi bila kutambuliwa kuwa Wakenya, hadi walipofunga safari ya kwenda Ikulu ya Nairobi mnamo Oktoba 2016 na hatimaye wakakubaliwa kuwa kabila la 43. Wapemba walitambuliwa 2023. Watoto wao wanajua maana ya kuwa na alama nzuri mkononi na kukosa kitambulisho mfukoni. Bila kitambulisho, mlango wa mkopo haufunguki, na hata laini ya simu utasajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

La pili ni mkopo. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa 1995, hukopesha wanafunzi wa shahada kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nao huanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mkopo una mafungu mawili: moja huenda chuoni kulipia masomo, la pili humfikia mwanafunzi kwa ajili ya kujikimu. Omba mara tu maombi yanapofunguliwa. Watafute wadhamini wawili mapema, na utumie simu iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya binamu.

Tangu 2023 serikali imekuwa ikigawa gharama za chuo kikuu katika ruzuku, mkopo na fungu la familia, na mpango huo umezua kesi mahakamani. Kwa hivyo soma barua ya mwaka wako mwenyewe. Usitegemee aliyokusimulia jirani aliyeingia chuo miaka mitano iliyopita.

La tatu ni basari. Serikali ya Kaunti ya Kwale imewalipia karo wanafunzi wengi kupitia mpango wake wa Elimu ni Sasa ulioanzishwa baada ya ugatuzi. Muulize chifu, uliza ofisi ya wadi, na uulize tarehe ya mwisho, kwani fomu iliyochelewa ni sawa na fomu isiyojazwa.

Kisha weka katika bahasha moja: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule, matokeo ya KCSE, picha ndogo, nakala za kila kitu, na fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Kwa watu wa Bodo, hospitali ya rufaa ya Msambweni iko karibu. Jiandikishe pia katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Na uwe macho na matapeli. Arafa ikikuambia utume pesa ili mkopo wako uharakishwe, ifute. Usitume pesa za chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho.

PESA ZA MWEZI WA PILI

Hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Nilipokwenda kusomea uandishi, jamaa zangu walinichangia vizuri. Nikanunua godoro nene, sanduku jipya, viatu jozi mbili na redio. Wiki ya tatu sikuwa na nauli ya kwenda mjini. Nilikula chapati kwa chai ya rangi asubuhi na jioni, nikawaandikia wazazi kwamba niko salama. Hakuna aliyenidhulumu. Nilitumia pesa zote za muhula kana kwamba chuo kingefungwa baada ya siku kumi.

Jihadhari na kosa hilo. Muhula una wiki kumi na tano hivi. Ukishatenga karo na kodi ya chumba, gawanya zilizobaki kwa wiki hizo, na ujue wiki moja ina shilingi ngapi. Kutoka nyumbani chukua sufuria, sahani, shuka, nazi na unga. Godoro na ndoo utavikuta huko huko, na pengine kwa bei nafuu kutoka kwa wanaomaliza. Pesa za kujikimu za HELB zikichelewa, si ajabu. Jipange kama mtu asiyezitegemea mwezi wa kwanza. Zikifika, usizipeleke kwenye kamari ya simu. Wako vijana waliokula mkopo wao wote kwa usiku mmoja wa mpira wa Ulaya, na deni lingali linawangoja.

Mzazi naye asimpe mtoto kitita chote siku ya kuagana. Kumtumia kidogo kila wiki kwa simu kunamfaa zaidi, na kunaafikiana na mfuko wa mvuvi, ambao hujaa kidogo kidogo.

Ama karo iliyobaki, usingoje jina lako libandikwe ukutani karibu na mtihani. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya fedha, ueleze hali ya nyumbani, na uombe kwa barua kulipa kwa mafungu. Sema wazi: baba ni mvuvi, mapato huja kuanzia Novemba. Vyuo vingi husikiliza anayekuja kabla ya deni kukomaa. Muhula wa pili aghalabu huangukia kaskazi, na hapo ndipo familia ya pwani inaweza kusukuma fungu kubwa.

NJIA SI MOJA

Si lazima kila mtu aende mbali. Shahada huhitaji alama ya C+ kwa jumla, na diploma nyingi hupokea kuanzia C-. Kuna chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, pale Msambweni, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni ambapo mtembea kwa miguu halipi. Anayeanza na diploma karibu na nyumbani, akapata kazi kisha akaendelea na shahada, hajashindwa. Amevua ndani ya mwamba wakati wa kusi akingoja bahari itulie.

UKIFIKA, SEMA

Chuoni hakuna kengele, wala mwalimu wa zamu wa kukuamsha. Mhadhiri hupita kama gari la moshi, na ukikosa wiki mbili hakuna atakayekutafuta. Jua mapema maktaba ilipo, na ofisi ya mkuu wa wanafunzi iko wapi. Tafuta watu wa kwenu wa mwaka wa tatu wakuelekeze, lakini usijifungie nao peke yao.

Zaidi ya yote, usikae kimya. Mwanafunzi anayelala njaa, anayesumbuliwa na mtu mwenye cheo, au asiyelielewa somo, huona haya kusema kwa kuwa nyumbani wote wanamringia. Kimya hicho ndicho kimewarudisha wengi vijijini bila cheti, huku wazazi wakidhani mambo ni shwari. Mimi niliandika kwamba niko salama; ningaliandika kweli, ningalisaidiwa mapema.

Siku aliyoondoka binti wa Bodo, baba yake alimsindikiza mpaka barabara kuu ya kwenda Likoni. Sanduku lilikuwa dogo, bahasha ya makaratasi ameishika kwapani. Hapakuwa na ngoma wala gari la kukodi. Mzee alimwambia maneno machache tu: "Mwanangu, ukikwama niambie siku ile ile. Mtumbwi upo."