Sauti za Kiingereza zianzie kipindi cha Kiswahili

Mwanafunzi wa sekondari mjini Voi akiulizwa, katika kipindi cha Kiswahili, ataje kikwamizo ghuna cha meno, hasiti: /dh/. Na kile kisicho ghuna? /th/. Kengele ikilia na mwalimu wa Kiingereza akiingia, mwanafunzi yule yule huambiwa kwamba thin na then ni maneno ya kutatanisha, asikilize vizuri na aige. Jibu analo tayari. Thin huanza kama thamani, then huanza kama dhahabu. Kiswahili kimeziandika sauti hizo mbili kwa herufi tofauti; Kiingereza kimezipa maandishi mamoja.

Naamini hapo ndipo tunapowapotezea vijana muda mwingi. Fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, haifundishi lafudhi ya London. Inauliza ulimi uko wapi, midomo imefanya nini, na nyuzi za sauti zinatetemeka au zimetulia. Weka kidole kooni utamke z, kisha s. Mtetemo ukikatika, umeigusa tofauti ya ghuna na isiyo ghuna, inayotenga pia v na f, au b na p.

Milima ya Taita, jirani na Voi, inatusaidia kuelewa kwamba herufi si sauti yenyewe. Jina la huku limeandikwa Dabida, Davida na Dawida, kwa kuwa sauti ile ya katikati hutolewa na midomo miwili inayokaribiana bila kufungana, na alfabeti ya Kirumi haina herufi yake. J. A. Wray, mmishenari wa Church Missionary Society (CMS) aliyefika Sagalla miaka ya 1880, alitoa mwaka 1894 kitabu cha kufundishia Kitaita, akizitia sauti za huku katika herufi za kwao. Waliounda Chama cha Kimataifa cha Fonetiki mjini Paris mwaka 1886 walitafuta dawa ya tatizo hilo hilo: kila sauti na alama yake.

Ugumu wenyewe hasa uko kwenye irabu. Kiswahili kina tano. Kiingereza cha Uingereza, kile cha vitabuni, kina takriban 20. Ndiyo maana bad, bud na bird hutoka vinywani mwa wengi wetu zikifanana, na ship ikawa sheep. Kuiga pekee hakutoshi, kwa sababu sikio lililolelewa na irabu tano huzipanga zote katika tano hizo. Basi uongozwe mdomo. Tamka e ya Kiswahili, halafu shusha taya kuelekea a huku ulimi ukibaki mbele: ukiwa kati ya hizo mbili, umeipata irabu ya bad. Ya bud ni fupi na iko jirani na a yetu. Kwa bird, legeza ulimi ukae katikati ya kinywa, midomo isiviringike, kisha vuta sauti. Ya ship iko kati ya i na e, na haivutwi.

Mkazo nao una shida yake, maana Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza huuhamisha: photograph mwanzoni, photography silabi ya pili.

Katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, stadi za mazungumzo hubeba alama 30 kati ya 60 za karatasi ya kwanza ya Kiingereza, na zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa aweza kuipigia mstari silabi yenye mkazo ambayo hajawahi kuitamka. Ningependa walimu wa lugha hizi mbili wafundishe kipindi cha kwanza cha sauti kwa pamoja, kwa mchoro mmoja wa kinywa, na mifano ya lugha za huku, Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, itoke kwa wanafunzi wenyewe.